Kinanda na ilimba jukwaa moja: tamasha la kwaya ya mjini Dodoma linavyopangwa

Kwenye tamasha letu kuna wakati mpiga kinanda huinuka, akahamia kiti cha pembeni na asiguse kitufe mpaka nyimbo za Kigogo ziishe. Wageni hudhani tunaheshimu mila. Heshima ipo, lakini sababu ni ya kimuziki, na ina historia ndefu kuliko kwaya yoyote iliyopo mjini leo.

Nafundisha kwaya ya watu wazima wasiolipwa: manesi, makarani wa wizara, walimu, mafundi, wanachuo. Wanakuja mazoezini jioni wametoka kazini, wengine bado na vitambulisho shingoni. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, tumepata waimbaji waliolelewa kwenye kwaya za Dar es Salaam, Moshi na Songea, kila mmoja na mazoea yake. Wakatoliki wengi husoma nota za mistari mitano bila shida, kwa sababu nyimbo zao huchapwa hivyo na siku hizi zinapakuliwa kwa wingi kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Waanglikana na Walutheri mara nyingi wanakuja na sol-fa, yaani nota za herufi. Sauti ya nne, yaani besi, kama kawaida ya dunia nzima, inakuja imechelewa.

Kwenye risala za maadhimisho husemwa kwamba wamisionari ndio waliotufundisha kuimba sauti nyingi. Nusu yake ni kweli. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa mwaka 1876 wakitafuta kituo cha njiani kuelekea Uganda, na kazi ikaja kuenea Ugogo hadi kuundwa Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927. Walichokuja nacho ni nyimbo ambazo sauti zake nne zilikuwa zimekwisha kupangwa, pamoja na njia ya kuziandika. Sol-fa ilibuniwa na mwalimu Mwingereza, Sarah Glover, na John Curwen akaisambaza. Ni herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga mapigo, nukta moja hugawa pigo, kistari hurefusha sauti. Inaandikika kwa chaki ubaoni, kwa taipureta, hata nyuma ya bahasha, ndiyo maana ilienea shuleni haraka. Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya ya shule huko Afrika Kusini, alitumia njia hiyohiyo kuandika mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake tunaiimba sisi kama Mungu Ibariki Afrika.

Faida ya sol-fa ambayo watu huisahau ni kwamba do haina makao. Karatasi ikisema do ni D, na sauti ya kwanza imekauka kwa vumbi la Agosti, natoa do ya chini kidogo na hakuna herufi inayobadilika. Tunafanya hivyo kwenye Aleluya Kuu ya Handel, kipande cha Messiah, kazi iliyoimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kuna mahali sauti ya kwanza hushikilia noti moja ndefu, kisha hupanda ngazi kwa ngazi huku wengine wakiijibu. Waimbaji wa kulipwa wanapapita bila jasho. Kwa watu waliosimama wodini tangu asubuhi, nusu toni, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, ni msaada mkubwa.

Sasa ile nusu nyingine. Wagogo walikuwa wakiimba sauti nyingi kabla ya karatasi yoyote kuonekana Mpwapwa. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeifikisha ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya na kufariki mwaka 2003, au nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika tangu 2009. Uzi wa zeze ukitikisika hautoi sauti moja tu. Juu yake zimo nyingine nyembamba, na ngazi ya Kigogo imejengwa juu ya hizo. Tukihesabu sauti mama kuwa ya kwanza, muziki huu unatumia zile za kuanzia ya nne hadi ya kumi. Kwa sol-fa ni do, mi, so, ta (yaani ti iliyoshushwa nusu toni), do, re, mi. Anayeimba juu yako huruka noti moja ya ngazi hiyo, na hivyo sauti zinapangana zenyewe bila mtu kuziandika.

Tatizo liko kwenye ta. Ta ya asili, ile ya saba, iko chini ya ta ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio linaisikia. Kinanda kikiingia, waimbaji huivuta ta juu ili kukifuata, na papo hapo wimbo wa Kigogo unageuka pambio la kawaida lenye njuga. Nimesikia kanda nyingi za namna hiyo na sizipendi. (Kuna ubaya zaidi: wale wanaofungulia CD jukwaani na kuchezesha midomo. Hao tuwaache.)

Kwa muda mrefu ngoma haikukaribishwa kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwafungulia Wakatoliki mlango, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 kwaya za shule, viwanda na jeshi zikaimba siasa kwa midundo ya ngoma. Lakini muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, bado kuna kwaya zinazompa kijana wa kiume kwa kuwa "ana nguvu". Kwetu wanapiga akina mama, nao ndio wanaoamua mwendo. Mimi nakaa chini.

Kupanga tarehe nako ni hesabu. Mvua hapa ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na wengi wetu tuna mashamba ya mtama, uwele au karanga. Ndani yake kuna Kwaresima. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, na mji unajaa wageni. Inabaki Julai hadi Septemba, watu wamevuna na wana kitu cha kumtunza mwimbaji. Kutunza kwenyewe tumekupangia utaratibu: kwenye nyimbo za nota tunaomba watu wabaki vitini, kwenye za Kigogo waje tu mbele, maana huko kigelegele na mwenye noti ya elfu mbili ni sehemu ya wimbo.

Mwalimu anayetaka kujaribu haya asianze na karatasi. Amwite mzee anayejua ilimba, aipige bila maneno kwenye mazoezi kadhaa mpaka sauti ya tatu waizoee ile ta ya chini, ndipo aandike. Mimi huiwekea mshale mdogo unaoshuka.