Konokono hahami gamba lake
Wengi tumekua tukiamini kwamba konokono akinenepa hutoka kwenye gamba lake na kutafuta kubwa zaidi. Imani hiyo ina pa kuanzia: ufukweni wapo kaa wanaofanya hivyo hasa, tena ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Konokono mwenyewe hawezi. Gamba limeshikana na misuli yake, naye hulikuza kwa kuongeza chokaa ukingoni mwa mdomo, kidogo kidogo.

Chukua familia ndogo ya Aciculidae, konokono wa nchi kavu wa Ulaya wanaoishi chini ya majani yanayooza. Mmoja wao, Acicula fusca, hata akikomaa hafiki milimita 3. Ila kwenye ncha ya gamba lake bado lipo lile aliloanguliwa nalo. Visukuku vya jamaa zake vilivyohifadhika vizuri vinaonyesha hivyohivyo, na kwangu hilo linagusa moyo: utoto wa kiumbe aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita unaonekana kwa lenzi.

Okota gamba tupu shambani. Anzia nchani, fuata mzunguko kwa ukucha hadi mdomoni. Utahisi mistari myembamba ya ukuaji, gamba likiwa ni lilelile moja.