Chikungunya si Kiswahili

Chikungunya ni homa ya kirusi kinachobebwa na mbu wa jamii ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana. Homa hupanda ghafla, na viwiko, vifundo na vidole vinauma kiasi cha mtu kushindwa kufunga kifungo cha shati. Maana yake ndiyo hiyo, haina mengi.

Tatizo liko kwenye jina. Mihadhara mingi ya virolojia, elimu ya virusi, bado hufunguliwa kwa "neno la Kiswahili lenye maana ya kutembea umeinama". Si Kiswahili. Ni Kimakonde. Mlipuko uliolitoa jina hilo nje ulitokea Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952, na maelezo yake yalichapishwa 1955 na Marion Robinson na W.H.R. Lumsden. Kitenzi ni kungunyala, kujikunja, na ile chi- ya mwanzoni ni ndugu wa ki- yetu, kiambishi cha ngeli. Chikungunya, basi, ni kile kinachomkunja mtu. Wamakonde hawakueleza mwendo, walieleza viungo. Waacholi walifanya vivyo hivyo kwa binamu yake, homa ya o'nyong'nyong, iliyozuka Uganda 1959.

Jina ambalo huenda Kiswahili ndicho kilichotoa ni dengi, kutokana na kidingapopo. Na hapa kuna kichekesho: homa iliyoitwa hivyo Zanzibar karne ya 19 iliacha maumivu ya viungo ya muda mrefu, dalili inayofanana zaidi na chikungunya.

Leo magonjwa hayo mawili hayana udugu. Chikungunya ni alfavirusi, dengi ni flavivirusi, makundi mawili tofauti ya virusi, na kuugua moja hakukukingi na nyingine. Dengi hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na yaweza kuleta kutokwa damu, kwa hiyo kabla haijathibitika kuwa si dengi mgonjwa hupewa parasetamoli, si aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, hata viungo vikilia vipi. Kipimo nacho kina siku zake: PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, hufaa juma la kwanza, kingamwili za IgM huanza kuonekana kama siku ya tano. Ukipima IgM siku ya pili, utaambiwa huna kitu.

Noti za mihadhara ya zamani hazihitaji kutupwa. Palipoandikwa "Kiswahili", futa, andika "Kimakonde".