Je, wajua? Hasira za watazamaji zinaweza kuzidisha mvua kwenye utabiri

Mtangazaji wa hali ya hewa akisema kesho ni jua, kisha mvua ikawakuta watu harusini, kituo cha televisheni kitapigiwa simu mpaka usiku. Akisema kesho ni mvua, kisha jua likawaka, watu wanaanika nguo na kuendelea na shughuli zao. Kosa la kwanza lina kelele, la pili halina. Je, kelele hizo zinaweza kuibadilisha namba anayoitangaza? Zinaweza, na ushahidi upo, ingawa umetoka mbali na Goma, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu.

Tuanze na namba yenyewe, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Mkazi wa Katindo, mtaa wa Goma, anaona kwenye televisheni au kwenye simu yake: uwezekano wa mvua, asilimia 30. Mmoja ataelewa kwamba karibu theluthi ya mji italowa. Mwingine ataelewa kwamba itanyesha kwa saa saba hivi kati ya 24. Wa tatu atasema ni mvua ndogo, na kwamba asilimia 90 ndiyo ile ya kubeba udongo. Wote watatu wamekosea. Namba hiyo haisemi mvua itakuwa kubwa kiasi gani wala itadumu muda gani. Inasema kwamba, hapo ulipo, tukichukua siku 10 zenye dalili kama za leo, siku 3 hivi zitapata mvua ya kupimika na 7 zitabaki kavu. Kwa hiyo siku ya asilimia 30 inaweza kuleta mvua ya kung'oa mabati, na siku ya asilimia 90 ikaishia kwenye manyunyu.

Wanaoikosea si watu wa Goma peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwauliza watu wa New York, Amsterdam, Berlin, Milan na Athens maana ya asilimia 30 ya mvua. Ni New York tu ambako wengi walichagua jibu sahihi, na Marekani imekuwa ikitangaza namba hizo kwa umma tangu miaka ya 1960. Katika miji ile minne ya Ulaya, wengi waliamini namba inahusu saa au eneo.

Ndiyo maana ujumbe wa "ulisema 30 na imenyesha, umetudanganya" hauna haki. Na Goma ina sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye mita 3,470, uko chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Mchana upepo wa ziwani unaelekea nchi kavu, mteremko unaupandisha, hewa inapoa na mawingu yanajengeka. Wingu moja linaweza kumwaga maji mtaa wa Ndosho huku mtaa wa Birere vumbi bado linaruka. Watazamaji wawili wanaweza kutuma ujumbe jioni moja, kila mmoja akipinga wa mwenzake, na wote wakawa wanasema kweli.

Sasa, utabiri wa namna hii unapimwaje? Fikiria mizani ya sokoni. Mizani chakavu huyumba: leo inazidisha gramu kadhaa, kesho inapunguza. Ukipima mara nyingi, makosa yanafidiana. Mizani iliyochezewa haiyumbi. Inaegemea upande mmoja kila mara, na mnunuzi wa kilo moja ya maharage hawezi kugundua, kwa sababu kilo moja haitoshi kufichua kitu. Anayegundua ni yule aliyepima mara nyingi na kuandika. Utabiri wa asilimia nao una kuyumba kwake, na kuyumba huko hakuna aibu, maana anga halitabiriki kikamilifu. Aibu iko kwenye kuegemea. Kusanya siku zote ambazo mtabiri alisema 20, hesabu ngapi zilinyesha. Zikikaribia mbili katika kumi, mizani ni nzuri, hata kama siku moja moja ilikuudhi.

Wamarekani walipopima hivyo, walikuta mizani imeegemea kwenye mvua. Uchambuzi wa utabiri wa The Weather Channel, kituo cha televisheni cha hali ya hewa, uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kituo hicho kiliposema asilimia 20, mvua ilinyesha karibu mara 5 tu katika 100. Mmoja wa viongozi wa kituo alikiri baadaye kwamba wakiacha kuegemea hivyo watapata taabu na watazamaji. Kansas City nako, baba mmoja aliyekuwa akimsaidia binti yake kazi ya shule mwaka 2007 alifuatilia vituo vya televisheni vya mji huo kwa miezi kadhaa. Mtangazaji aliposema mvua ni asilimia 100, karibu theluthi ya siku hizo hazikupata hata tone. Huo ni mji mmoja na msimu mmoja, haupaswi kubebeshwa zaidi ya hapo. Lakini idara ya serikali ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo haigombanii watazamaji, namba zake zilikuwa karibu sana na mvua halisi.

Huko wanasema mvua ya uongo haimdhuru mtu. Kwa Goma, mvua hiyo ya uongo inadhuru. Mji umekaa juu ya mawe ya lava yanayomeza maji, na familia nyingi zinategemea mvua ya kwenye bati. Mama wa Majengo akisikia mvua ni asilimia 60, hanunui maji yanayoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Anapanga mabeseni na bidoni (madumu) za njano chini ya bati na kusubiri. Mvua isipokuja, asubuhi watoto wanatembea mpaka ziwani kabla ya shule. Mama huyo hapigi simu kituoni.

Kuna hoja ya upande wa pili, na naiheshimu. Mei 2023 mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, Kivu Kusini, yaliua zaidi ya watu 400, na chini ya milima kama ile ni afadhali kuonya mapema kuliko kuchelewa. Ila onyo la hatari litolewe waziwazi kama onyo. Likifichwa ndani ya asilimia, anayepanga kuanika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko Kituku na anayepaswa kuhama kando ya mto watasikia namba ileile.

Kwa hiyo ujumbe wenye faida kwa mtabiri ni mfupi: tarehe, mtaa, saa, namba aliyoitangaza, na kama mvua ilinyesha au la. Ujumbe kama "Jumanne, Himbi, ulisema 60, hatukupata tone" ndio unaohitajika zaidi, kwa sababu ndio watu hawautumi.