Gesi inatoka kwetu, mtungi unatoka Dar

Kila mwezi nikiingia soko kuu hapa Mtwara na kishikwambi changu mkononi kuna mama mmoja muuza nyanya ananipokea kwa maneno yale yale, "mwanangu umekuja kuuliza bei tena na hununui?" Nacheka, namwambia mama leo nanunua, nachukua fungu moja halafu namuuliza bei za wiki nzima. Ndo kazi yangu hiyo jamani, nakusanya bei za vitu vya kila siku, unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni, petroli, mtungi wa gesi, nazipeleka ofisini zinalinganishwa na za mikoa mingine. Na swali nalokutana nalo zaidi, sokoni, kwenye daladala, hata msibani watu wakishajua nafanya kazi gani, ni hili la gesi. Gesi inatoka Msimbati hapo, bomba tumeliona linafukiwa kwa macho yetu, sasa inakuwaje mtungi mtu wa Temeke kule Dar anaupata kwa bei nafuu kuliko mtu wa Chikongola hapa Mtwara?

Swali zuri, na watu wanaliuliza kwa uchungu, wote tunakumbuka zile vurugu za 2013 hapa mjini watu walipopinga hilo bomba. Ila gesi ya Msimbati na gesi ya kwenye mtungi wako jikoni ni vitu viwili tofauti kabisa, vinafanana jina tu.

Ile ya Mnazi Bay, yani hapo hapo Msimbati, iliyogunduliwa 1982, na ya Songo Songo kule Kilwa iliyotangulia 1974, ni gesi asilia na sehemu kubwa yake ni methani. Methani ina ukaidi wake, kwa joto hili letu hata uikandamize vipi haigeuki kuwa maji maji, mpaka uipoze ifike kama nyuzi 162 chini ya sifuri, au uishindilie kwa mgandamizo mkubwa sana kama inavofanywa kwa magari yanayotumia gesi, na ule mtungi wa gari ni mnene na mzito, sio huu wa kubeba begani. Kwaiyo njia rahisi ya kuisafirisha ni bomba, ndo maana ya Msimbati inasafishwa Madimba halafu inaingia kwenye bomba lililokamilika 2015 kwenda Dar kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Nyumba ambazo zimeshafikiwa na bomba zinaipikia moja kwa moja, na hao ndo wanaokula gesi yetu kweli.

Ya mtungi ni propani na butani. Hizo ukizikandamiza kidogo tu zinakuwa maji maji, ukitikisa mtungi unasikia chwaa chwaa humo ndani. Zinatoka nje ya nchi, kwenye visima vya mafuta na mitambo ya kusafishia mafuta, zinakuja na meli mpaka Dar na Tanga, zinajazwa kwenye mitungi huko halafu lori linakula kama kilomita 560 mpaka Mtwara. Na hapo kuna kitu watu hawakifikirii, mtungi mtupu lazima urudi ukajazwe, tena chuma chenyewe uzito wake unakaribiana na gesi iliyomo au unaizidi, yani lori linabeba chuma kuja na linabeba chuma kurudi, nauli yote hiyo anailipa nani kama sio wewe unayepika. Halafu bei ya mtungi haitangaziwi kikomo kila mwezi kama ya petroli, ni soko huria, muuzaji wa Tandahimba anaongeza na nauli ya Tandahimba.

Tukifika kwenye petroli mambo yanabadilika, hii ina bei kikomo. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wanazipanga kufuata bandari tatu zinazopokea mafuta, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Sisi Mtwara, Lindi na jirani zetu wa Ruvuma tunahesabiwa kwenye bandari ya Mtwara. Ndani ya hiyo bei kuna bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, kodi na tozo za serikali, faida ya mwenye kampuni na mwenye sheli, na mwisho nauli ya kutoka bandarini mpaka kituo kilipo. Sasa mwezi ambao meli haikushusha Mtwara, mafuta yanafuatwa Dar kwa malori na hiyo nauli inaingia kwenye bei, hapo ndo unakuta tumewapita wenzetu. Soko letu ni dogo, meli haiwezi kuja kila wiki kushusha lita chache ikaondoka, hiyo ni hesabu ya mwenye meli wala sio chuki na watu wa Kusini.

Ugomvi mkubwa nnaoushuhudia ni wa bodaboda na vijana wa sheli. Kijana yuko Liwale, kasikia redioni bei ya Mtwara ni kadhaa, anafika kituoni anakuta shilingi zimeongezeka kidogo anaanza, mnatuibia nyie, redio imesema! Redio haijakosea na sheli huenda haijakosea, maana bei inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni ya mji wenye bandari, kila wilaya ina yake kwenye jedwali lile refu ambalo hakuna mtangazaji mwenye pumzi ya kulisoma lote. Piga *152*00# fuata maelekezo utaipata ya kwako. Ukikuta bango la kituo limezidi kikomo cha wilaya yako hapo sasa una haki ya kulalamika, na dai risiti maana bila risiti malalamiko yako ni stori tu. Kikomo maana yake ni dari, kituo kinaruhusiwa kuuza chini yake, kwaiyo kama kuna viwili barabara moja angalia mabango kabla hujaingia. Petroli ya kwenye chupa za maji kule vijijini siizungumzii, ile haina kikomo wala kipimo, na ni hatari ya moto ndani ya nyumba yenye watoto.

Nikiwa hapo hapo, kama una ndugu Marekani akakwambia huko "gas" imepanda ujue anaongelea petroli, wenzetu ndo wanavoiita, na wanaipima kwa galoni ambayo ni kama lita 3.8. Mjomba wangu mmoja alilinganisha bei ya galoni na bei ya lita ya hapa akatangaza barazani kwamba Tanzania mafuta ni bure, watu wakamsikiliza kwa heshima zote.

Mjomba tunamcheka lakini kosa lake ndo hilo hilo tunalolifanya sokoni kila siku. Mtu anatoka Dar anasema nyanya za Mtwara ghali, ukimuuliza kanunua vipi, huko kanunua sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, hapa kanunua fungu. Fungu halina uzito, fungu ni mkono wa muuzaji, leo nyanya tano kesho nne na bei haijabadilika, kumbe imepanda kimya kimya. Sado nayo, kuna ya kujaza mpaka mlima na kuna ya kusawazisha, kuna iliyobonyezwa kitako. Gunia ndo usiseme, lumbesa imepigwa marufuku lakini bado ipo, mkulima analipwa gunia moja anatoa moja na nusu, halafu wewe mlaji unaambiwa bei ya gunia Newala na bei ya gunia Dar, gunia lipi? Ofisini kwetu hatukubali bei mpaka tumeigeuza kuwa ya kilo moja. Nanunua lile fungu la mama, naliweka kwenye mzani, nagawanya. Ndo maana nanunua, sio kwamba nyumbani kwangu wanapenda nyanya hivo.

Ukishaiweka kwenye kilo ndo unaona ukweli, na ukweli wa Kusini ni mchanganyiko. Samaki, pweza, nazi, muhogo, mbaazi, ming'oko kwa msimu wake, hapa ndo nyumbani kwake, Dar vinafika vimeshalipa nauli. Hata saruji, tangu kiwanda cha Dangote kifunguliwe hapa 2015 mtu wa Mtwara anayejenga yuko karibu na mlango wa kiwanda. Mchele unaotoka Mbeya au Morogoro, viazi mviringo vya Njombe, vitunguu, hivo vinakuja kwetu vimechoka na safari. Mahindi tunayategemea sana ya Songea yanayopita Tunduru na Masasi, ndo maana mara nyingi unga wa Masasi unaupata kwa nafuu kuliko wa Mtwara mjini japo mjini ndo kuna bandari na kila kitu. Madereva wananiambia nauli inategemea pia lori linarudi na nini, likipata mzigo kwenda na kurudi mwenye mzigo anapunguziwa, likirudi tupu aliyelileta ndo anayelipia na utupu.

Barabara ikikatika ndo tunajua tunakula kwa barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, malori yakalala njiani na vitunguu vinaota majani humo ndani, wengine wakazunguka kupitia Songea, safari ya siku moja ikawa ya siku kadhaa. Mwezi huo bei ya Lindi mjini ukiilinganisha na ya Morogoro unalinganisha nini hasa? Unapima mvua tu. Kule Liwale masika kama hiyo ya barabara kukatika wanaizoea kila mwaka, na hawaingii kwenye taarifa ya habari.

Halafu kuna korosho. Minada ikianza Oktoba hela inaingia vijijini, na wafanyabiashara wanajua, kuanzia bati mpaka kuku wa kienyeji bei inasimama juu. Kwaiyo mtu akikuletea bei ya Tandahimba ya Novemba dhidi ya bei ya Dodoma ya Juni mrudishie, mwambie alete mwezi mmoja.

Na lile neno mfumuko wa bei. Taarifa ya NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, ikisema mfumuko ni asilimia tatu watu wananipigia simu, mbona unga bado ghali? Mfumuko unapima bei imekwenda mwendo gani tangu mwaka jana, hausemi iko juu au chini kuliko mkoa mwingine. Mtu aliye juu ya mnazi akipanda hatua moja tu bado yuko juu. Ukitaka kulinganisha mikoa tafuta bei za jumla za mazao zinazotolewa na wizara ya biashara, zile zinaandikwa kwa kilo 100 mkoa kwa mkoa, hapo utasoma kitu.

Juzi nikamweleza yule mama haya yote ya methani na propani, akanisikiliza mpaka mwisho huku anapanga nyanya. Akasema sawa mwanangu hayo umesoma wewe, mie niambie mtungi wa kilo sita na wa kilo kumi na tano upi una nafuu. Nikamwambia mama tugawanye, tuseme mdogo ni 25,000 na mkubwa 60,000, mdogo kilo moja inakuja kama 4,170 na mkubwa inakuja 4,000, kwaiyo mkubwa una nafuu, ila mwambie muuzaji aupime mbele yako, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa hapo hapo kwenye chuma, utoe. Akafikiria kidogo. "Basi mie kila mara nalipia zaidi," akasema, "maana hiyo elfu sitini kwa mkupuo naitoa wapi?"

Hapo sikuwa na hesabu ya kumpa. Nikachukua fungu langu nikaliweka kwenye mzani.