Kadi isiyodai mchango

Jioni moja ya Desemba, siku moja baada ya mvua ya kwanza, nilipita Soko la Majengo nikamkabidhi bahasha mama mmoja ambaye huniuzia mlenda mkavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha macho yakatua kwenye bahasha, uso ukanywea. "Harusi ya nani tena?"

Nikamwomba afungue. Akaifungua taratibu, kama mtu anayesomewa bili ya maji. Ndani palikuwa na mbuyu uliochipua majani machanga, na chini yake neno moja tu, salamu ya Kigogo: Mbukwa. Akaigeuza nyuma, akatafuta namba ya simu ya mtunza hazina wa kamati. Hakuna. Akaikung'uta bahasha. Hakuna.

"Sasa hii ni ya nini?"

"Ya mvua tu, mama. Imenyesha, nimekukumbuka."

Alicheka mpaka jirani yake wa karanga akasogea kutaka kujua kuna nini.

Nina mwaka wa kumi na nne sasa nikitengeneza kadi hapa Dodoma, na nisiwe mnafiki: kadi za michango ndizo zinazonilisha. Harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, mahafali. Kamati ikikaa Jumapili, Jumatatu niko mezani nakata karatasi. Sizidharau, zimeozesha watoto wa watu. Ila zimetufikisha mahali ambapo Mtanzania akiona bahasha yenye jina lake, mkono unakwenda mfukoni kabla jicho halijasoma. Ndiyo maana raha yangu kubwa iko kwenye ile robo nyingine ya kazi, kadi za salamu: zile zinazofika, zikasema neno, zikanyamaza.

Nazo zina misimu yake. Tatizo ni kwamba misimu tunayouziwa madukani si yetu. Ingia steshenari yoyote Novemba uone kadi za Krismasi: theluji, misonobari, wanyama wenye pembe kama matawi wakivuta gari la kuteleza. Nje jua linapasua midomo na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha ukuta. Wateja wengine huniambia Krismasi bila theluji si Krismasi. Huwa nawasimulia kadi ya kwanza kabisa ya Krismasi kuchapwa kwa ajili ya kuuzwa. Ilitoka London mwaka 1843. Bwana mmoja aitwaye Henry Cole alikuwa amelemewa na barua za sikukuu za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kitu kimoja kitakachojibu zote. Zikachapwa nakala zipatazo elfu moja, kila moja ikauzwa shilingi moja ya wakati ule. Na picha yake? Hakuna hata chembe ya theluji. Kuna familia mezani imenyanyua glasi za mvinyo, na pembeni watu wanaowapa maskini chakula na nguo. Ilizua hata lawama, maana mtoto naye alionekana akinyweshwa mvinyo. Kwa hiyo tukitaka kufuata asili, sisi watu wa zabibu tuna haki na Krismasi kuliko yule mwenye gari la kuteleza.

Kwangu mwaka wa kadi unakwenda na mvua. Dodoma hatuna vuli na masika mbalimbali kama pwani. Mvua yetu ni moja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, nayo haizidi sana milimita 600 kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mvua ya kwanza hapa ni habari ya kumpigia mtu simu. Mimi nimeitengenezea kadi. Mbuyu, ambao miezi yote ya kiangazi umesimama mtupu kama mti uliopandwa mizizi juu, ghafla unavaa majani. Baadaye inakuja kadi ya zabibu, ambayo ina bahati ya kutumika mara mbili kwa sababu mizabibu yetu huvunwa mara mbili: mwanzoni mwa mwaka, kisha tena kuelekea Agosti na Septemba. Julai kuna baridi na upepo wa vumbi. Kadi ya Julai haina picha ya maana, ina maneno "Vaa sweta", na kwa kweli ndiyo inayoongoza kwa mauzo kati ya zote nilizobuni mwenyewe. Wananunua sana akina mama wenye watoto chuo kikuu.

Sasa niseme kuhusu karatasi, maana hapa ndipo wengi wanaojaribu kutengeneza kadi zao nyumbani wanapokwama.

Karatasi ina mwelekeo. Inapotengenezwa kiwandani, nyuzinyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine, kama nyasi zilizolazwa na maji ya mto. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa laini. Ukiikunja kwa kuzikata nyuzi, inapasuka, na kama juu ina rangi nzito, unabaki na mstari mweupe wenye manyoya. Kujua mwelekeo hakuhitaji kifaa. Shika karatasi, ibonyeze kama unayetaka kuikunja, halafu igeuze upande mwingine ufanye vilevile. Upande unaolegea ndio unaofuata nyuzi. Au chana kipande: kikichanika kwa mstari ulionyooka, umezifuata. Kikienda mrama, umezikata.

Manila na karatasi ngumu za A4 tunazonunua, nyingi nyuzi zake hukimbilia urefu. Ndiyo sababu ukiikunja A4 nzima katikati inapasuka, lakini ukiikata kwanza vipande viwili vya A5, kisha ukakunja kila kimoja katikati, mkunjo unakubali vizuri. Unapata kadi ya A6, na bahasha yake ni ile ya C6, milimita 114 kwa 162, inayopatikana kila mahali. Mimi somo hili nililipia. Mwaka wangu wa pili ofisi moja hapa mjini iliniagiza kadi 200 za mwaka mpya, kubwa, rangi ya zambarau iliyokolea. Nikachapa, nikakunja A4 nzima usiku kucha. Asubuhi nilipozipanga, zote zilikuwa na ufa mweupe mgongoni, kama visigino vya kiangazi. Nilizirudia kwa fedha yangu, na mwaka mpya huo niliula kwa mlenda mtupu.

Hata ukifuata nyuzi, karatasi nzito ya gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba ichoree mfereji kwanza. Weka rula ya chuma, pitisha kalamu iliyokwisha wino, bonyeza bila kuchana, ndipo ukunje. Na kwa sisi wa kanda ya kati, jambo jingine: hewa yetu ni kavu. Karatasi iliyokaa ghala la Kariakoo imekunywa unyevunyevu wa pwani. Ikifika huku ukaifungua siku hiyohiyo, inapoteza maji kingo zikitangulia, inajikunja kama jani la tumbaku. Iache ndani ya karatasi yake ya kufungia siku mbili, chumbani humohumo utakamofanyia kazi. Gundi nayo Oktoba hukauka ukiwa bado unatafuta brashi, kwa hiyo paka kadi chache chache.

Ukiniuliza kadi gani imewahi kuleta furaha kubwa zaidi nchi hii, sitasema ya Krismasi. Nitasema ya mafanikio, ile ya kumtakia mwanafunzi heri kwenye mtihani. Septemba darasa la saba, Novemba kidato cha nne, Mei kidato cha sita. Aliyesoma bweni anajua. Unaitwa jina mstarini, unapewa bahasha iliyokwisha kufunguliwa na mwalimu, unaipeleka bwenini, na mpaka usiku imepita mikono ya watu arobaini. Thamani yako wiki hiyo inahesabiwa kwa kadi zilizopangwa juu ya sanduku.

Shangazi yangu alinitumia ile ya muziki. Wengi mnaikumbuka, ukiifungua inalia. Ndani yake kuna betri ndogo kama kifungo cha shati, kidude cha bati kinachotetemeka na kutoa sauti, na ulimi mwembamba wa plastiki unaotenganisha vyuma viwili. Kadi ikifunguka ulimi unavutwa, vyuma vinagusana, wimbo unaanza. Kasoro yake ni kwamba ulimi ukichoka, kadi haijui tena kufunga mdomo. Yangu ilichoka usiku wa pili, taa zimezimwa, mwalimu wa zamu yuko nje. Niliifunika kwa godoro, nikaikalia, nikaishia kuizamisha kwenye ndoo ya maji, ikalia chini ya maji kidogo halafu kimya. Karatasi yenyewe nilianika, na mwandiko wa shangazi, wa kalamu ya kawaida, haukutoka. Ninayo hadi leo.

Alichoandika ni hiki: "Hata ukifeli, kuku wako yupo." Nilikuwa nimeacha kuku.

Nawaambia wateja wangu maneno hayo kwa sababu kadi nyingi za mafanikio ninazoona zinaandikwa "Usituangushe", "Familia nzima inakutegemea wewe". Hizo nazo ni kadi za mchango, ila mchango wenyewe unalipwa kwa alama. Mtoto ameshajua anategemewa. Mwandikie kuhusu kuku.

Na uiwahishe. Kadi ya mtihani iliyofika mtihani ukiisha ni mzaha, kwa hiyo mimi husema wiki mbili kabla, tatu kama shule iko mbali na mji. Kwa kijijini usitafute namba ya nyumba. Njia iliyozoeleka bado ni sanduku la shule au la parokia: jina la mhusika juu, chini yake "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", jina la shule, kisha S.L.P. na mji. Wengine huzituma kwa basi, unampa kondakta pale Stendi ya Nanenane na kumpigia simu mpokeaji. Inafika haraka, sikatai. Lakini haina stempu, na mtoto anapenda stempu.

Kadi za Idd zina adabu yake. Mwaka wa Kiislamu, unaofuata mwezi mwandamo, ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo sikukuu hurudi nyuma: Idd el-Fitr ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Siandiki tarehe wala mwaka kwenye kadi hizo. Zikibaki, hazichachi. Ya pole, ushauri wangu ni mmoja: isifike msibani. Siku hizo nyumba imejaa watu. Ifike turubai likishaanuliwa na wageni wamepanda mabasi.

Kuhusu ndani ya kadi, mimi huchapa maneno machache kadiri mteja atakavyoniruhusu. Wengine wanataka shairi zima, nami naliweka, kazi ni kazi. Lakini sijawahi kusikia mtu akitaja shairi la kadi miaka ishirini baadaye. Wanataja mstari ule wa mkono uliopinda. Kama karatasi inang'aa, epuka kalamu za wino mzito, hazikauki na dole gumba litabeba nusu ya salamu. Tumia ya kawaida. Picha za sikukuu za kwenye simu nazipokea kama kila mtu, mara nyingine picha ileile kutoka kwa watu sita, na ninazijibu.

Yule mama wa Majengo sikumwona tena mpaka Februari, mvua zilinibana ndani na oda za sendofu. Siku moja akatuma kijana hadi kwangu Chang'ombe, hapahapa Dodoma, na kifurushi. Kilikuwa mlenda mkavu, safari hii mwingi kuliko ninaonunuaga, umefungwa ndani ya bahasha yangu mwenyewe. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu, juu yake limeandikwa la kwangu. Nikamuuliza kijana ni shilingi ngapi.

"Mama kasema ukiuliza hivyo nikucheke," akasema, na akacheka.