Vilima vya kwenda Magu na maneno ya kijiweni

Kundi likijipanga Jumapili alfajiri kunyonga baiskeli kutoka Mwanza mjini hadi Magu, karibu kilomita 60 za kwenda tu, maneno ni yale yale kabla hata tairi hazijajazwa upepo. Mengine hayana madhara. Mengine ndiyo yanayomrudisha mtu ndani ya Hiace, baiskeli imefungwa juu kwenye keria.

"Barabara inafuata ziwa, kwa hiyo ni tambarare."
Tambarare ni maji, na yenyewe yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Nchi inayoyazunguka ni vilima na mawe ya matale. Aliyewahi kupanda vilima vya Isamilo au Bugando pale mjini kwa miguu hahitaji kuambiwa. Ukishaipita Igoma huoni mlima wa kutisha, ila unakuta vipando vifupi vifupi vinavyofuatana, na hivyo ndivyo vinavyokula miguu kimyakimya.

"Mwenye mapafu atangulie, atukatie upepo."
Hili ndilo linaloharibu safari nyingi. Kwenye tambarare ni kweli: mkienda kasi, kazi kubwa ni kuupasua upepo, na aliye nyuma ya tairi la mwenzake anaokoa nguvu nyingi. Kwenye kipando mambo yanageuka. Mwendo umeshuka hadi kilomita 8 au 10 kwa saa, upepo si kitu tena, kila mtu anapigana na uzito wake, wa baiskeli na wa mzigo. Hapo aliye mbele hakukingi na chochote. Anakupa mwendo wake, basi. Unamng'ang'ania kilima cha kwanza, cha pili, unajiona upo. Ikifika saa nne, miguu haina kitu.

Mimi nasema atangulie yule anayechoka haraka, hasa saa ya kwanza. Kipimo ni mdomo: mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, mnakwenda mno. Wenye nguvu watalalamika. Wakitaka kukimbia wakimbie, wakatusubiri kileleni chini ya mwembe.

"Gia nzito inajenga miguu."
Inatesa magoti. Weka gia nyepesi kabla kipando hakijaanza, cheni ikiwa bado haijakazika, miguu izunguke mara 70 au zaidi kwa dakika. Mwenye Phoenix isiyo na gia hana ujanja huo, lakini fundi anaweza kumwekea sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi na kuongeza pingili za cheni ikibidi. Tambarare atapoteza mwendo kidogo, kilimani atashukuru. Na siti jamani, msiishushe mpaka nyayo zote zifike chini. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Chini ya hapo unanyonga kama mtu mzima aliyeazima baiskeli ya mtoto.

"Kushuka na kukokota ni aibu."
Kwenye kipando kikali, anayekokota na anayenyonga wanafika karibu pamoja. Tuendelee.

"Ukila njiani utakuwa mzito."
Sukari ambayo mwili umeihifadhi kwenye misuli na ini, kwa kazi ya nguvu, inakaribia kwisha baada ya saa moja na nusu au mbili. Ikiisha hakuna ushujaa: kichwa kinakuwa chepesi, mikono inatetemeka, kila kitu kinakuudhi, hata rafiki yako. Mwendesha baiskeli anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yakiwa mfukoni yanafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu kuliko biskuti yoyote ya dukani. Maji nayo yanywe kwa kiu. Kujaza tumbo maji matupu siku nzima kunaishusha chumvi ya damu, na hiyo ni hatari ya kweli. Karanga za chumvi zinasaidia.

"Tukifika tunajitupa ziwani, uchovu unaisha."
Uchovu labda. Kichocho kinaanza hapo. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa maji, wengi wao wakiwa penye majani kandokando ya ziwa, na vinatoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile mnazofika mkivuja jasho. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache, kwa hiyo "nimeosha miguu tu" haimkingi mtu. Ogeni maji ya bomba. Aliyekwisha kuingia akapime wiki 6 hadi 8 baadaye, maana akienda mapema mno mayai ya minyoo ya kichocho hayaonekani na ataambiwa hana kitu. Akikutwa nacho, dawa ipo, ni prazikwanteli.