Hati haikupi ruhusa ya kujenga kila kitu

Watu wengi wa Mtwara wanaamini kwamba mwenye hati ya kiwanja anaweza kujenga humo chochote anachotaka, iwe nyumba ya kulala wageni, gereji au ghala la korosho. Imani hiyo ni ya miaka mingi, nayo si sahihi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, hivyo hati inampa mtu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99 na kwa masharti yaliyoandikwa ndani yake. Masharti hayo, ambayo kwa bahati mbaya wengi hawayasomi, ndiyo yanayotaja kama kiwanja ni cha makazi, biashara au viwanda. Anayetaka kubadili matumizi hana budi kuomba kwanza kwa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi ya mji bila kibali.

Katazo hilo huwabana pande zote mbili: kiwanda hakiruhusiwi kuingia kwenye makazi, wala nyumba ya kuishi kuingia kwenye eneo la viwanda. Aliyewahi kusimama karibu na maganda ya korosho yanapochomwa, akafikicha macho kwa moshi wake mkali, na akaona jinsi mafuta yake yanavyobabua ngozi ya vidole, hahitaji kuelezwa sababu.